Kisiki Hakijafa

Katika milima ya Meghalaya, huko Bara Hindi, watu wa kabila la Wakhasi huvuka mito juu ya madaraja ambayo hayakujengwa bali yameoteshwa. Huitwaa mizizi ya mti ingali laini, wakaielekeza juu ya maji mpaka ishike ukingo wa pili, kisha hungoja. Miaka hupita, mizizi hunenepa na kufungamana, na huenda mtoto wa yule aliyeianza ndiye apitaye juu yake na mzigo wake. Tena huko Wisconsin, Marekani, mtu mmoja jina lake John Krubsack alipanda miti midogo, akaikunja na kuiunganisha kadiri ilivyokua, hata alipoikata mwaka 1914 alikuwa na kiti kamili. Mwaka uliofuata kiti hicho kilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya San Francisco, watu wakastaajabu.

Mtu wa Dodoma akisikia habari hizi labda atacheka. Kiti cha miaka mingi! Fundi seremala hukimaliza kwa siku mbili, na mwenyewe akakikalia jioni. Kicheko hicho kina haki yake. Nchi ya Ugogo hupata mvua ya milimita 500 au 600 tu kwa mwaka, nayo huanza Desemba ikakoma Aprili; baada ya hapo ni upepo na vumbi. Mti wa kukunjwa kwa ajili ya maonyesho haufai hapa, wala asiyetaka kuujaribu asilaumiwe. Lakini maarifa yaliyomo ndani ya kiti kile, yaani kuuongoza mti ungali hai badala ya kungoja kuukata, hayo ndiyo nchi hii inayoyahitaji kuliko nchi nyingi.

Mjenzi wa tembe anayajua nusu yake. Tembe lina paa bapa la miti na udongo, zito mno, nalo hubebwa na nguzo zenye panda. Panda iliyo imara haitoki kwenye shoka. Sharti iwe imeota hivyo. Basi mjenzi huingia porini akizungusha macho, akitafuta mti uliojifanya nguzo wenyewe, na akiupata huukata. Mwanawe atakapojenga atakwenda mbali zaidi, na mjukuu mbali zaidi ya hapo. Macho ya kuutambua mti mwema yapo tangu zamani. Kilichokosekana ni mkono wa kuutengeneza mti wa kesho.

Na mti huo wa kesho hauko mbali. Umo shambani, chini ya jembe. Kila mwaka mkulima anapofyeka shamba lake hukuta vichaka vidogo vinavyochipuka, mgunga hapa, mkole pale, naye huvikata na kuvichoma kama magugu. Havikuwa magugu. Ni visiki vya miti iliyokatwa zamani, na mizizi yake ingali hai chini ya ardhi. Nguvu za mizizi hiyo zilijulikana vizuri Kongwa, mwaka 1947, Waingereza walipoleta mitambo mikubwa kufyeka pori ili walime karanga. Mizizi ilivunja majembe ya chuma. Mvua zikawa haba, udongo ukakauka ukawa mgumu kama saruji, na mwaka 1951 kazi ile ikaachwa, serikali ya Uingereza ikiwa imepoteza pauni zipatazo milioni 36. Waliiona mizizi kuwa adui. Haikuwapitia akilini kwamba chini ya matrekta yao palikuwa na msitu mzima uliolala.

Aliyeitambua siri hiyo katika nchi ya Niger ni mmishenari wa Australia, Tony Rinaudo. Mwaka 1983, baada ya kupanda miche mingi iliyokufa kwa jua, alisimamisha gari lake njiani, akatazama kichaka kimoja kwa makini, akaona kwamba ni mti. Tangu hapo wakulima wa Niger wamefufua miti katika hekta zipatazo milioni 5. Katika mkoa wa Dodoma kazi hiyo huitwa Kisiki Hai, nayo imeenezwa tangu mwaka 2018 na shirika la LEAD Foundation la Mpwapwa pamoja na Justdiggit la Uholanzi.

Kazi yenyewe haihitaji fedha. Mkulima huchagua kisiki, akakiangalia kina machipukizi mangapi. Pengine yako ishirini, yote membamba, yote yakinyang'anyana maji. Huacha machache yaliyonyoka na yenye nguvu, mengine huyakata kwa kisu kikali, na matawi ya chini huyaondoa. Kisha hufunga kitambaa cha rangi. Vijiti vilivyokatwa huenda jikoni siku ile ile, na hili si jambo dogo kwa mama aliyekuwa akifuata kuni mbali. Chipukizi lililobaki hukua upesi kuliko mche, kwa kuwa mizizi yake imekwisha kufika kwenye unyevu. Atakaye fito ataacha lililonyoka. Atakaye nguzo ya tembe ataacha lenye panda. Samaki mkunje angali mbichi, na mti pia.

Wako wakulima wanaosema kwamba miti shambani huwapa kwelea kwelea mahali pa kutua, nao humaliza uwele na mtama. Neno hili lina kweli ndani yake, wala si la kudharauliwa na mtu asiyewahi kulinda shamba tangu alfajiri. Basi miti iachwe kwa nafasi, na matawi yapogolewe.

Shida kubwa ni mbuzi. Mavuno yakiisha, mifugo hufunguliwa mashambani, na chipukizi laini ni chakula kitamu. Huko Kondoa udongo ulikuwa umemomonyoka hata makorongo yakameza mashamba. Mradi wa HADO ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 serikali ikaamuru mifugo yote iondolewe katika eneo lililoharibika. Majani na miti vikarudi vyenyewe. Lakini wenye mifugo waliondolewa pamoja na ng'ombe wao, na dawa chungu kama hiyo haiwezi kutumiwa kila mahali. Mbuzi ndiye akiba ya nyumba mwaka wa njaa.

Kijiji chaweza kuandika sheria, na yafaa iandikwe. Lakini sheria haishindi machungani. Anayeshinda huko ni mtoto, naye ndiye anayeachwa nje ya shauri lote. Huambiwa achunge mbuzi, kisha hugombezwa kwa sababu ya miti ya mtu mwingine. Afadhali kila mtoto achungaye apewe kisiki kimoja kiwe chake mwenyewe, achague mwenyewe chipukizi lenye panda, afunge kitambaa chake mwenyewe, na nguzo itakayotoka hapo iwe ya nyumba yake atakapokuwa mkubwa. Siku mbuzi wa jirani watakapokisogelea, hatangoja kuitwa.