Kuziba Mizizi ya Jino

Mwezi huu twapenda kusema juu ya jino lililooza mpaka ndani, ambalo wengi wetu hatulijui dawa ila kuling'oa. Jino hilo laweza kuishi kinywani miaka mingi, iwapo daktari wa meno atakitoa kiini chake, azisafishe njia nyembamba zilizomo mizizini, kisha azizibe. Na katika kuziba huko ndipo madaktari walipohitilafiana, nasi ndipo tunapoulizwa: njia ipi iliyo bora?

Kizibio chenyewe karibu ni kimoja kwa wote, nacho ni gutapacha, utomvu wa mti umeao Malaya, uliochanganywa na unga wa zinki. Pamoja nacho hutiwa saruji laini ya kujaza nafasi ndogo ndogo. Saruji za zamani, ambazo zingali zatumika, zina dawa itokayo katika mafuta ya karafuu. Basi bibi zetu waliotia karafuu katika jino bovu hawakupotea sana.

Njia ya kwanza ni ya baridi. Kijiti cha gutapacha hutiwa mpaka karibu na ncha ya mzizi, chuma chembamba kikakisukuma upande, na penye nafasi vikatiwa vijiti vidogo mpaka pakajaa. Gharama yake ni ndogo, na urefu wautawala daktari. Walakini pengine hubaki uwazi kati ya vijiti, na mkono ukizidi nguvu mzizi waweza kupasuka.

Njia ya pili ni ya moto, aliyoieneza Herbert Schilder wa Boston kwa makala yake ya mwaka 1967. Gutapacha hupashwa moto ikalainika, ikashindiliwa mpaka ikaingia hata katika vijia vya pembeni ambavyo chuma hakifiki. Ubaya wake ni kuwa yaweza kupita ncha ya mzizi ikatokea mfupani.

Siku hizi iko na ya tatu: kijiti kimoja tu pamoja na saruji mpya ya kalsiamu silikati, igandayo kwa unyevu. Ni nyepesi kufanya, lakini umri wake bado mdogo.

Mwaka 2007 ulitangazwa uchunguzi uliokusanya tafiti za njia mbili zile za kwanza. Haukuona tofauti ya maana katika maumivu wala katika kudumu kwa jino. Ila ile ya moto ilipitiliza ncha mara nyingi zaidi. Kwa hiyo sisi hatuoni haja ya kumfuata daktari mbali kwa sababu ya chombo chake cha moto. Muulizeni kwanza kama hulizungushia jino kipande cha mpira ili mate yasiingie, na kama hupiga picha ya eksirei baada ya kuziba. Katika picha hiyo kizibio chapasa kifike milimita 2 au pungufu kutoka ncha, wala pasionekane uwazi.

Liko jambo jingine, nalo ni letu wenyewe. Maumivu yakisha, mtu huridhika na kizibo cha muda juu ya jino, asirudi tena. Kizibo hicho huvuja baada ya majuma machache, vijidudu vikashuka, na kazi yote ikaharibika, iwe ya baridi au ya moto. Gego lililotolewa kiini, aghalabu huhitaji kuvikwa kofia ngumu lisipasuke. Ulizeni bei ya kofia hiyo siku ile ile ya kwanza, kabla jino halijafunguliwa.