Mtoto Amehama, Orodha Imebaki

Sisi wa Ndhiwa, Rongo, Mbita na Sori tuna lalamiko moja, ingawa tuko kaunti mbili. Mpaka wa Homa Bay na Migori tunauvuka kila uchao: huyu anakwenda sokoni, yule anafuata omena ufuo kwa ufuo, mwingine anafuata dhahabu Macalder. Mama akihama hubeba watoto, sufuria na kitabu cha kliniki. Orodha ya mambo ambayo watoto hao bado hawajafanyiwa haiendi naye. Inabaki kwenye simu ya nyamrerwa, yaani mhamasishaji wa afya ya jamii, wa kijiji alikotoka.

Septemba 2023 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa kuwapa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 kote nchini vifaa vya kazi pamoja na simu. Simu hiyo ililengwa kuchukua nafasi ya madaftari, kama MOH 513 ya kusajili kaya na MOH 514 ya kuandika huduma. Hatuipingi hata kidogo. Nyamrerwa akiifungua asubuhi anaona kazi za siku: mjamzito wa kutembelewa, mgonjwa aliyepewa rufaa wa kufuatiliwa, mtoto wa kupimwa utapiamlo.

Shida ni kwamba orodha inajua kijiji kuliko inavyomjua mtu. Tarehe 13 Septemba 2019 chanjo ya malaria ilianza kutolewa nchini hapa hapa kwetu, Ndhiwa. Ratiba iliyoanza nayo ilikuwa ya dozi nne: mtoto akiwa na miezi 6, 7, 9 na 24. Kwa ratiba hiyo, kati ya dozi ya tatu na ya nne kuna zaidi ya mwaka mzima, na katika muda huo familia ya mvuvi huwa imeshahama. Nyamrerwa wa Ndhiwa ana kazi kwenye simu lakini mtoto hayupo. Nyamrerwa wa Sori ana mtoto mbele yake lakini kazi haipo. Wote wawili ni watu wa bidii, na dozi inapita.

Miradi nayo inaongeza mzigo. Huu unakuja na programu yake, ule na yake, na jina la mama yuleyule linaandikwa mara mbili, kisha mara ya tatu kwenye daftari kwa sababu daftari haliishi chaji. Mradi ukifungwa, kazi zilizosalia zinazikwa pamoja na programu. Marekani iliposimamisha misaada yake mapema 2025 na miradi ya Ukimwi ikayumba, tulijiuliza: orodha ya wanaotakiwa kurudi kuchukua dawa iko mikononi mwa nani?

Tukiuliza tunaambiwa mambo ya kompyuta ni magumu. Lakini tangu 1998 kiwango cha iCalendar, kinachotumiwa na kalenda nyingi za simu, kina sehemu mahususi ya kazi: ni kazi gani, makataa yake lini, imefanywa au bado. Ni maandishi ya kawaida ambayo programu ya kampuni yoyote inaweza kuyasoma. Upande wa afya kuna kiwango cha FHIR, nacho kinakwenda mbali zaidi. Kina nafasi ya kuandika nani ameomba kazi, nani wa kuitekeleza, ni ya mgonjwa yupi. Tena kinatenganisha kazi iliyoombwa, iliyopokelewa na iliyokubaliwa. Tofauti hiyo kwetu ni kubwa mno: kumtumia mwenzako ujumbe si sawa na mwenzako kusema, “Mtoto huyu sasa ni wangu.” Mpaka neno hilo lisemwe, kazi isifutwe kwa yeyote.

Kiwango kitupu hakitatosha, na hapa ndipo tunataka kuketi na wanaobuni. Mtoto wetu ana jina la ubatizo na jina la kuzaliwa, na anaweza kuandikwa kwa hili leo na kwa lile kesho. Laini ya mama hubadilika, au simu yenyewe ni ya shemeji. Makao ni ufuo huu msimu huu, na ufuo mwingine samaki wakihama. Na pawe na nafasi ya kuandika “familia imehama, imeelekea Karungu,” maana hilo si sawa na “mama alikataa.” Programu inayochanganya hayo mawili inamchafulia mama jina.

Wapo wanaoogopa kwamba muundo wa wazi, kama wa iCalendar na FHIR, utaanika siri za wagonjwa. Hofu hiyo tunaiheshimu; kwetu hali ya HIV ya mtu si habari ya sokoni. Lakini kinachowekwa wazi ni namna ya kuandika, si kilichoandikwa. Na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa mwenye taarifa haki ya kuzipata katika muundo unaotumika sana na unaosomeka na kompyuta. Haki hiyo ni ya mama wa kisiwa cha Remba sawa na ya mfanyabiashara wa Nairobi.

Kwa hiyo mabunge yetu mawili ya kaunti tunayadai jambo hili: kandarasi yoyote mpya ya programu ya afya iseme kwamba kazi zitaingia na kutoka kwa muundo wa wazi, bila malipo ya ziada, hata baada ya mradi kufungwa. Jaribio lianze na dozi ya nne ya chanjo ya malaria, kati ya Ndhiwa na Nyatike, iliko Sori.