Muulize Mtoto Mwenyewe

Kuanzia Nyololo hadi Mbeya mjini tumezoea kuwapeleka watoto kliniki kupimwa uzito. Lakini yuko mtoto ambaye mizani haitoshi kueleza hali yake: yule anayedhoofika misuli.

Ugonjwa uitwao Duchenne huwapata hasa wavulana. Mtoto huanguka mara kwa mara, na akiinuka hujisukuma kwa mikono juu ya mapaja. Wengi huacha kutembea kabla ya miaka 13. Dawa zipo za kuupunguza kasi, si za kuuondoa kabisa. Kwa hiyo lazima tuulize: je, anaishije leo?

James Varni wa Marekani na wenzake walitunga maswali ya kupima jambo hilo, yakiwemo ya watoto wenye magonjwa ya misuli. Mtoto wa miaka 5 hadi 7 husomewa swali, naye huonyesha kwa kidole sura inayocheka au iliyonuna. Mzazi hujaza karatasi yake mbali. Mara nyingi alama za mzazi huwa chini kuliko za mtoto. Mama analia kwa kuwa mwanawe hatembei, kumbe mtoto anasumbuliwa na shida ya kwenda chooni.

Basi, mama, kaa naye kila mwezi umwulize: Unaamka umechoka? Chooni unapata shida? Unaye wa kucheza naye? Andika majibu yake kama alivyosema, umpelekee daktari. Kiti cha chooni fundi wa kijijini anaweza kukitengeneza wiki hii.