GPS si ya kuitia boda tu

Ukisimama juu ya kilima cha Buyangu, simu yako inajua ulipo. Sasa sikia: mawimbi hayo hayo ya setilaiti, yakinaswa na antena iliyofungwa kwenye mwamba, hupima maji. Mvua ikijaa ardhini, uzito wake unaikandamiza ishuke milimita kadhaa. Maji yakiisha, inapanda. Greenland barafu inayeyuka, mwamba unainuka vivyo hivyo.

2020 Ziwa Victoria lilivunja rekodi ya 1964. Isiukhu yetu inaingia Nzoia, na Nzoia ilifurika Budalang'i, watu wakahama "kama kawaida". (Hiyo kawaida inaniudhi.) Mbona tusidai antena kutoka hapa hadi ziwani, tujue ardhi imeshiba kiasi gani kabla mvua nyingine haijanyesha? Muulize MCA wako.