Mfungo wa Kihindu: Nani Hasa Anayefungwa?

Msomaji wa Kiswahili akisikia neno mfungo, fikra zake huenda kwenye Ramadhani au Kwaresima. Ni nadra kukumbuka kwamba Wahindu nao, wakiwemo majirani zetu wa Dar es Salaam na Mombasa, hufunga, na mafundisho yao juu ya jambo hili yana uzito wa kutufikirisha.

Mfungo wa Kihindu hauna sura moja. Wapo wanaofunga Ekadashi, siku ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi mwandamo, kwa kujizuia kula nafaka na vyakula vya jamii ya kunde. Wapo wanaofunga siku tisa za Navaratri kwa matunda, maziwa na chumvi ya mawe. Wengine hawaonji hata maji. Kisanskriti, mfungo huitwa upavasa, neno ambalo asili yake ni "kukaa karibu". Walimu wa dini hiyo hulieleza kuwa ni kukaa karibu na Mungu. Njaa, basi, ni chombo tu; shabaha ni kuitiisha nafsi.

Hoja yangu ni hii: mfungo hubaki na heshima yake pale tu anayefunga anapojifunga mwenyewe. Mzigo wake unapomwangukia mwingine, hatuna budi kuuhoji, hata kama anayefunga ni mtakatifu machoni pa umma.

Mohandas Gandhi alilelewa na mama ambaye mifungo ilikuwa sehemu ya maisha yake. Katika msimu wa mvua, mama huyo aliweka nadhiri ya kutokula mpaka alione jua, na watoto walisimama nje wakilisubiri mawinguni ili wamwite. Lilipojificha kabla hajatoka, alirudi ndani kwa furaha bila kula. Nadhiri yake haikumdai mtu yeyote chochote.

Mwanawe aliupeleka mfungo kwenye siasa. Tarehe 20 Septemba 1932, akiwa katika gereza la Yerwada, Pune, Gandhi alianza kufunga hadi kufa kupinga uamuzi wa Uingereza wa kuwapa watu walioitwa "wasioguswa", ambao leo wengi wao hujiita Dalit, haki ya kuchagua wawakilishi wao peke yao. Alihofia kwamba utaratibu huo ungeigawa jamii ya Wahindu milele. Lakini aliyeidai haki hiyo alikuwa B. R. Ambedkar, msomi aliyezaliwa katika tabaka hilo hilo. Je, angefanya nini? Gandhi angekufa, hasira ya taifa zima ingewashukia wanyonge vijijini. Tarehe 24 Septemba alitia saini Mapatano ya Poona.

Haki inatutaka tukiri kwamba mapatano hayo yaliwapa Dalit viti 148 katika mabaraza ya majimbo, vingi kuliko vile vya uamuzi wa Uingereza. Hata hivyo, kauli ya mwisho juu ya nani avikalie ilirudi kwa wapiga kura wote, ambao wengi wao hawakuwa Dalit. Ambedkar aliuhesabu mfungo ule kuwa shuruti, nami naona alikuwa na hoja.

Swali hilo hilo linaingia hata majumbani. Katika Karva Chauth, wake wa India ya Kaskazini hufunga bila chakula wala maji hadi mwezi uonekane, wakiwaombea waume zao maisha marefu. Wengi hufanya hivyo kwa mapenzi ya dhati, na sina haki ya kuwabeza. Ila mila haimdai mume afunge kwa ajili ya mkewe. Siku hizi wapo waume wanaofunga pamoja na wake zao. Hao, kwa maoni yangu, wameirudisha ibada kwenye shina lake.

Ndugu msomaji, dini yoyote uifuatayo, utakapofunga jiulize: njaa hii inamtiisha nani? Jibu likiwa ni mtu mwingine asiye na pa kukimbilia, huo si mfungo tena.