Kindu: Kinga ya bei nafuu ni ile inayotengenezeka njiani

Familia nyingi zilizokimbilia Kindu zinatafuta kinga ya kubebea mihogo, makaa na mafuta ya mawese. Mpya ni ya bei kali, kwa hiyo wananunua iliyokwisha kutumika. Hapo wengi wanapotea: wanatazama rangi na bei, hawatazami vyuma.

Kinga yenye gia nyingi inavutia macho, lakini waya wake ukikatika kwenye njia ya Kalima, kipuri hakipatikani na mzigo unalala porini. Afadhali ile nzito ya chuma, isiyo na gia, ambayo kila fundi anaijua na vipuri vyake vinauzwa sokoni. Gurudumu lake linafunguliwa kwa ufunguo tu, hata kando ya njia au ng'ambo ya Lualaba, kule Alunguli.

Kabla ya kutoa franka, mnunuzi aigeuze magurudumu juu na kuyazungusha: rimu ikiyumba, kuna kazi. Atazame maungio ya fremu karibu na usukani. Rangi mpya hapo inaweza kuficha ufa uliochomelewa. Aende na fundi asiye rafiki wa muuzaji, na alipe mbele ya shahidi, maana kinga ya wizi humfikisha mnunuzi polisi.

Wanaogawa misaada nao wasikie: kinga bila pampu, viraka na ufunguo ni nusu ya msaada. Mama anayesukuma mzigo toka shamba hahitaji kinga ya kupigia picha. Anahitaji ile itakayomfikisha kwa watoto kabla ya giza.