Nywele sio kipimo cha ngoma

Wadau, leo nina neno na sisi wapima watu kwa macho.

Katika kukimbizana na habari kati ya Mbeya na Iringa, kuanzia Mwanjelwa mpaka Mlandege, nimelisikia sana hili: mwanamke akinyonyoka nywele kidogo tu, mtaa umeshatoa majibu. "Yule ameukwaa." Hofu hiyo naielewa. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta wenye VVU kati ya watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati taifa zima ni 4.4. Tumezika sana. Lakini hofu sio maabara.

Kila unywele una zamu yake. Unakua kwa miaka 2 hadi 6 hivi, unapumzika kama miezi 3, halafu unadondoka na mwingine unaota pale pale. Ndiyo maana hata mtu mwenye afya yake hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku. Sasa mwili ukipata mshtuko, nywele nyingi zinaingia mapumziko kwa pamoja. Mishtuko yenyewe tunaijua: kujifungua, malaria kali, taifodi, upasuaji, msiba. Zinakuja kudondoka miezi 2 au 3 baadaye, homa yenyewe umeshaisahau. Kwa wengi hali hiyo hukoma ndani ya miezi 6 hivi, bila dawa.

Hebu piga hesabu. Mama aliyejifungua Januari anaanza kuona nywele zimejaa kwenye chanuo mwezi Aprili, bado ananyonyesha. Maneno yanaanzia saluni, yanafika kwa mawifi, yanamfikia mume. Ndoa inatikisika kwa ajili ya nywele zilizokuwa mapumziko!

Ni kweli VVU navyo vinaweza kunyonyoa nywele. Lakini wapo wenye virusi ambao nywele zao zimejaa tele, na wapo wasio navyo wanaonyonyoka. Kipimo cha macho kinamwonea mzazi wa watu, halafu kinampitisha mwenye nywele nzuri bila kondomu. Hapo ndipo tunapoumia.

Damu inapimwa bure kwenye vituo vya afya vya serikali. Nywele zako zikizidi kunyonyoka, nenda hospitali. Za mwenzio zikinyonyoka, mpe pole au nyamaza.

Nawasilisha.